Mchi Usiosikika

Kokwa za tende nimezichoma juzi, za khalasi,
nimezisaga, nimezichekecha,
unga mweusi kama wanja, mkaidi kama kitindamimba:
ukiutia maji unashikana mabonge,
hautaki kuachana.

Ndipo nateremsha mchi.
Mchi huu hauinuliwi na mkono.
Ni fimbo ya titani, nene kama kidole gumba,
na mwendo wake wote, toka juu hadi chini,
ni mwembamba kuliko unywele.
Mapigo elfu ishirini kwa sekunde.
Hujamaliza kusema bismillahi
umeshatwanga mpunga wa kijiji kizima.

Ninachosikia mimi ni mluzi mwembamba, makombo tu;
sauti yenyewe imepita juu ya masikio yetu.
Paka wa Dadrahim, mlinzi wa lango la pili,
ndiye anayejua ukubwa wa kelele hii:
nikibonyeza swichi analaza masikio,
anavuka barabara kuelekea mitende,
hageuki nyuma.

Ndani ya bilauri mapovu yanazaliwa,
madogo, jicho haliyapati,
yanavimba, yanajisahau, yanaporomoka,
na kila moja, likifa, huacha
joto la tanuri katika nafasi ya punje ya vumbi
na ulimi wa maji uliochongoka kama sindano.
Bonge linapasuka. Unga unafunguka vinyweleo.
Vinyweleo hivyo ndivyo tunavyovitaka,
vinase mafuta katika maji machafu
yanayopanda visimani kule jangwani,
alikofanya kazi baba yangu miaka ishirini na sita
kando ya kompresa
mpaka masikio yake yakafunga duka.

Kila Jumapili naipima mashine kwa foili ya jikoni:
kipande cha ukubwa wa kiganja, nusu dakika majini,
kinatoka na matundu.
Wiki hii sikukitupa. Nilikibeba ndani ya daftari,
kutoka maabara ya Nizwa hadi nyumbani, Birkat al-Mawz.
Baba yuko barazani na kofia yake,
ya nne mwaka huu, uzi wa rangi ya komamanga,
anatoboa, anazungushia, anatoboa,
kazi aliyojifunza Unguja kwa mama yake kabla hajaota ndevu
na kuirudia baada ya pensheni.

Nikamwekea foili gotini.
Akaiinua juani. Mwanga ukamdondokea usoni nukta nukta.
"Nani kashona hii?"
akauliza, kwa sauti ya mtu anayedhani
dunia nzima bado iko kando ya kompresa.
Nikaandika kwenye simu: Sauti.
Akasoma. Akacheka hadi akavua miwani.
Sauti! Mwizi yule yule, leo kawa fundi?
Kisha akapitisha ncha ya sindano tundu hadi tundu,
bila haraka,
kama anavyokagua kazi ya mwanagenzi,
akatikisa kichwa.
"Ana nguvu. Lakini hajui kuacha.
Tazama hapa, tobo limekula tobo.
Kofia, Shinuna, ni pale usipotoboa."

Sikumjibu. Wiki tatu nilikuwa naacha mchi utwange mfululizo,
maji yanapata moto, unga unarudi mabonge,
nami naandika daftarini: sababu haijulikani.

Leo asubuhi nimeibadilisha saa ya mashine:
sekunde tano itwange, sekunde tano ipumue,
bilauri imekalishwa ndani ya barafu.
Imefika adhuhuri. Unga umeelea majini kama moshi,
hautuami, haukumbatiani.
Sijamwambia Daktari Raya aliyenifundisha ni nani.

Nje, paka amefika katikati ya barabara,
akasimama,
akageuza sikio moja
kama anayehesabu.